Saa sita mchana si saa ya kiwavi

Mkulima wa Dongobesh au Endasak, mkoani Manyara, anayebeba bomba mgongoni saa sita mchana kwenda kumpulizia kiwavijeshi vamizi ameshashindwa kabla hajaanza kupampu. Saa hiyo mdudu hayuko juu ya jani. Amezama kwenye moyo wa mmea na kujizibia mlango kwa kinyesi chake, kile kinachofanana na unga wa mbao chini ya msumeno. Dawa inatua juu ya kizibo, jua linaikausha, na mwenye shamba anarudi nyumbani akiamini kazi imekwisha.

Linalouma zaidi ni kwamba kinyesi hicho ndicho kilichomtoa mkulima nyumbani. Kikijaa hivyo, kiwavi kwa kawaida ameshafika hatua ya tano au ya sita, za mwisho kabla hajashuka udongoni kuwa pupa, na hizo ndizo zinazomaliza sehemu kubwa ya chakula chake chote. Alipokuwa mchanga alikuwa akikwangua jani na kuacha vidirisha vyeupe. Hapo ndipo palikuwa pa kumpulizia. Na kabla ya hapo kulikuwa na mayai, 100 hadi 200 kwa rundo moja, ambayo kidole gumba kinayaponda bure.

Mabwana shamba wanaosisitiza alfajiri au jioni, nozeli ikielekezwa ndani ya moyo, wako sahihi. Maduka ya pembejeo yanayompa kila mteja chupa ileile ya dawa ya pairethroidi bila kumuuliza ukubwa wa kiwavi hayako sahihi, na hili limesemwa tangu mdudu huyu aonekane Rukwa mwaka 2017. Kwao Amerika mdudu huyo ameshazizoea dawa nyingi za jamii hiyo.

Zamani haikuwa hivyo. Kizazi cha mtafiti wa wadudu E. S. Brown pale Muguga, Kenya, miaka ya 1960, kilipambana na kiwavijeshi wa asili kwa mitego ya taa: nondo wanahesabiwa kwanza, onyo linatoka, ndipo mabomba yanajazwa. Tengeru, karibu na Arusha, ikaendeleza kazi hiyo kwa mitego ya harufu. Leo watu wanasubiri shamba litoboke.

Wazee wa Kainam, huko Mbulu, nao walichanganya mahindi, maharage na maboga katika shamba moja. Wazo hilo la kuchanganya lina uzito: mwaka 2018 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, walichapisha matokeo ya Afrika Mashariki, ambako mahindi yaliyochanganywa na mmea wa desmodiamu na kuzungushiwa nyasi za brakiaria yalikuwa na viwavi pungufu kwa zaidi ya asilimia 80 kuliko mahindi matupu.