Maji ya Daudi na Ndoo ya Bibi: Kuisoma Biblia Nzima kwa Mwaka, Chilangala

Katika semina moja ya fasihi mwaka jana nilithubutu kutaja maoni ya bibi yangu juu ya kisa cha Daudi na maji ya Bethlehemu. Mwenzetu mmoja akacheka, akasema bibi si mhakiki, bibi ni hadhira. Darasa likacheka naye, kipindi kikaisha. Makala haya ni jibu langu kwa mwenzetu yule. Limechelewa, lakini ni jibu.

Kwanza nieleze tulikofikia hapo. Mwaka nilioahirisha masomo kwa kukosa ada nilirudi nyumbani Chilangala, wilayani Newala, juu kabisa kwenye uwanda wa Makonde. Vitabu vyangu nilikuwa nimeviuza. Kilichokuwamo nyumbani kilikuwa kimoja tu: Biblia ya Bibi, ile tafsiri ya Union ya mwaka 1952, jalada lake limeshonwa kwa uzi wa gunia. Bibi mwenyewe hajui kusoma. Baba yake alikuwa mwalimu wa kanisa, na yote aliyonayo ameyapata kwa sikio. Basi nikapiga hesabu. Vitabu 66, sura 1,189, siku 365: sura tatu na ushee kwa siku. (Wakatoliki, ambao vitabu vyao ni 73, watanisamehe.) Tukaanza tarehe mosi Januari, jioni, mimi nikisoma kwa sauti, yeye akichambua mboga.

Nilidhani nimebuni jambo. Kumbe wazo hili ni la zamani, na hata pale kijijini lilifika kabla yangu. Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha mwaka 1549, kazi ya Askofu Mkuu Cranmer, kilipangwa makusudi ili sehemu kubwa ya Biblia isomwe kanisani kila mwaka, asubuhi na jioni, na Zaburi zote zimalizwe kila mwezi. Mwaka 1842 mchungaji kijana wa Dundee, Robert Murray M'Cheyne, aliwapangia waumini wake kalenda yake mwenyewe, ambayo hadi leo watu wanaifuata. Wamisheni wa UMCA, walioanzisha makazi ya watumwa walioachwa huru pale Masasi mwaka 1876 chini ya Askofu Steere, walikuja na ile desturi ya Cranmer. Steere huyohuyo ndiye aliyetia Agano Jipya katika Kiswahili cha Unguja. Biblia nzima ya Kiswahili hicho ikatoka mwaka 1891, miaka tisa baada ya kifo chake. Kwa hiyo, msomaji, watu wa upande wetu walianza kuisikia Biblia kwa ratiba kabla hawajaishika mkononi. Tofauti hiyo si ndogo, nitairudia.

Nakiri mapema kwamba ratiba ina maovu yake. Haijali utanzu. Inakata masimulizi, sheria, nyimbo na methali kwa kisu kimoja, kama mtu anayekata mkate na nyama na sabuni vipande sawasawa. Sura tatu za Samweli zinapita kama maji. Sura tatu za Mithali ni kumeza punje mia kavu bila kutafuna. Zaburi 150 tulizimaliza kwa siku 46, na katikati ya mwezi Juni sikuweza tena kutofautisha kilio kimoja na kingine. Mambo ya Nyakati yanarudia yale tuliyotoka kuyasoma katika Wafalme, na hapo nilidanganya, niliruka. Bibi alinikamata. «Mbona mfalme huyu hajafa?» akauliza. Nikarudi nyuma.

Lakini kuna kitu ambacho ratiba pekee ndiyo ilinionyesha, nacho ni maji. Masomo ya Jumapili hukupa kisima kimoja leo na kingine baada ya miezi mitatu. Ukienda mfululizo, visima vinaanza kuitana. Na ukienda mfululizo ukiwa Chilangala, vinaitana kwa nguvu zaidi, kwa sababu uwanda ule hauna mto wala chemchemi. Maji yako chini, bondeni. Tangu miaka ya 1950 kumekuwa na mabomba ya kuyasukuma juu, lakini bomba ni la kutegemea siku likitoka. Lisipotoka, unakunywa mvua uliyoikinga kwa bati ukaihifadhi katika kisima cha nyumbani, na kikikauka, unanunua kwa ndoo. Kizazi cha Bibi kilishuka bondeni alfajiri na kupanda na mtungi kichwani jua likiwa kali.

Tukio la kwanza lilitujia mwanzoni tu mwa Januari: Rebeka, Mwanzo 24. Mtumishi wa Ibrahimu anafika na ngamia kumi, msichana anashuka kisimani, anapanda, anampa maji, kisha anajitolea kuwanywesha na ngamia wote. Mhakiki wa Kimarekani Robert Alter, katika The Art of Biblical Narrative (1981), amelieleza vizuri tukio hili kama kaida ya kisanaa: mgeni, nchi ya mbali, kisima, msichana, maji kuchotwa, mbio za kupeleka habari nyumbani, posa. Linarudi kwa Yakobo na Raheli, linarudi kwa Musa kule Midiani, na hadhira ya zamani ilifurahia kuona safari hii msanii amebadilisha nini. Sina ugomvi na Alter. Ila Bibi hakuona kaida, aliona kazi. Aliacha mboga, akaanza kuhesabu kwa vidole ngamia kumi ni safari ngapi za kushuka na kupanda. Kisha akauliza: «Na huyo mwanamume amesimama tu anamtazama?»

Nikarudi kwenye matini. Kweli, imeandikwa: anamtazama, kimya. Mimi nilikuwa nimeisoma sura ile mara nyingi na sijawahi kuuona ukimya huo. Tulipofika kwa Yakobo, anayewanywesha kondoo wa Raheli, na kwa Musa, anayewachotea mabinti wa Reueli, nilidhani nimepata cha kumtulizia. Wapi! «Mume wangu,» akasema (ndivyo anavyoniita, utani wetu wa siku zote), «wanaume wa kitabu hiki huchota maji kabla ya ndoa tu.» Mwezi Machi, Boazi alipomwambia Ruthu anywe maji waliyoteka vijana wake, alinitazama kwa jicho la ushindi. Nimejaribu tangu hapo kutafuta mume anayemtekea mkewe maji katika sura 1,189. Anayemjua anitumie barua.

Sasa Daudi. Mwisho wa Machi tulifika 2 Samweli 23. Mfalme yuko ngomeni, Wafilisti wameishika Bethlehemu, naye anatamani maji ya kisima kilicho karibu na lango la mji wake. Mashujaa watatu wanapenya katikati ya adui, wanateka, wanamletea. Daudi anakataa kunywa. Anayamwaga mbele za Bwana, kwa hoja kwamba hiyo ni damu ya watu waliohatarisha nafsi zao.

«Akamwaga?»

Nikasema ndiyo, ni ishara ya heshima. Kimya kirefu. Halafu, jamani, sijawahi kumwona Bibi amekasirika vile kwa jambo la kitabuni. Alisimama, akaingia ndani, na siku ile hatukumaliza sura zetu. Asubuhi yake, akiwa anafagia, alinena bila kunitazama: wale vijana wangepewa wanywe wao.

Hiki ndicho kisa kilichochekwa semina. Hoja ya mwenzetu, nikiitendea haki, ni kwamba Bibi ameisoma vibaya matini kwa sababu ameleta shida yake ya maji mahali pasipohusika; tukio ni la kidini, ni sadaka ya kinywaji, na sadaka ni lazima imwagwe. Hoja hiyo ina uzito. Mwandishi wa kisa bila shaka anamsifu Daudi.

Lakini tuangalie taswira yenyewe. Nguvu yote ya kisa iko katika mlinganyo mmoja: maji yaliyobebwa ni damu ya aliyeyabeba. Msomaji wa mjini, anayefungua koki, anaupokea mlinganyo huo kama sitiari, tena sitiari iliyotiwa chumvi. Bibi aliupokea kama taarifa. Anajua wanawake waliojifungulia njiani wakitoka bondeni. Anajua shingo yake mwenyewe ilivyo. Kwa hiyo juu ya maana ya maji yale, Bibi na Daudi wanakubaliana kabisa. Wanachogombana ni kinachofuata. Ikiwa haya ni damu, anasema Daudi, siwezi kuyanywa. Ikiwa haya ni damu, anasema Bibi, warudishie wenyewe. Huko si kuisoma vibaya matini. Ni kumjibu mhusika kwa hoja ileile aliyoitoa, na mimi naona jibu lake linaacha alama ya kuuliza juu ya mfalme ambayo matini haiwezi kuifuta. Kumbukeni pia orodha iliyo mwisho wa sura hiyohiyo: mashujaa wa Daudi wanatajwa kwa majina, na wa mwisho kabisa ni Uria Mhiti. Mtu mwingine ambaye damu yake ilimwagwa kwa sababu mfalme alitamani kitu. Aliyeipanga sura ile alijua anachofanya, au basi bahati yake ilikuwa kubwa mno.

Majira nayo yalisoma pamoja nasi, mara kwa kutusaidia, mara kwa kutukejeli. Kutoka 17, watu wanapomlilia Musa kwa kiu, ilituangukia Januari 21, mvua inapiga bati hata sauti yangu haisikiki, Bibi akasinzia. Lakini Yeremia alitufikia Agosti. Katika sura ya 14 wakubwa wanawatuma vijana majini, vijana wanakuta visima vitupu, wanarudi na vyombo vitupu wamefunika vichwa kwa aibu. Wiki ile ile kisima chetu kilibaki tope. Mwanzoni mwa Septemba, Maombolezo 5, watu wanalalamika kwamba maji yao wenyewe wanayanywa kwa fedha. Bibi akaguna tu. Hakuwa na la kuongeza.

Hapa niseme neno juu ya tafsiri. Katika Yeremia 2 watu wanalaumiwa kwa kuiacha chemchemi na kujichimbia mabirika yanayovuja. Neno birika kwa maana ya hodhi la maji ni Kiswahili halali, lakini watoto wa jirani waliokuwa wakisikiliza waliangua kicheko: watu wanachimba birika la chai! Bibi akawanyamazisha, akawaonyesha ufa wa kisima chetu, ule tulioziba kwa saruji mara mbili. Ufafanuzi wa kamusi usingefanya kazi hiyo.

Agano Jipya lilikuja na korosho. Oktoba hadi Desemba tulisoma tumechoka, vidole vinanuka mafuta yake. Katika Marko 14 wanafunzi wanaambiwa wamfuate mwanamume aliyebeba mtungi wa maji, na vitabu vya maelezo hutumia aya nzima kueleza kwa nini hiyo ilikuwa dalili tosha. Chilangala haihitaji aya. Vijana siku hizi hubeba madumu kwa baiskeli, lakini mwanamume mwenye mtungi kichwani angeonekana toka kijiji cha pili.

Na mwanzoni mwa Novemba, Yohana 4: mwanamke Msamaria kisimani, saa sita. Kiswahili kina bahati hapa, saa yetu na saa ya matini ni moja, hatuhitaji kubadilisha. Mahubiri yote niliyowahi kusikia yanasema alikwenda adhuhuri kwa kuwaogopa wanawake wenzake, maana alikuwa na historia ya waume watano. Bibi alisema hapana, hiyo ni safari ya pili. Maji ya asubuhi yamekwisha. Nimeisoma sura hiyo tena na tena. Hakuna mahali inaposema alitengwa. Inasema, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba amechoka kuja pale kuteka. Hadithi ya aibu tumeiongeza sisi, uchovu umo. Tena anamwomba yule mgeni maji yatakayomwondolea safari, na wahubiri humwona mjinga asiyeelewa sitiari. Mwanamke wa uwandani angeomba hivyohivyo. Bibi aliongeza jambo moja: yule mgeni ndiye aliyeomba maji kwanza, je, alipewa? Matini haisemi. Inasema tu mwanamke aliuacha mtungi wake.

Nilipoanza mwaka ule nilijiona mimi ndiye mhakiki na Bibi ndiye hadhira, mgawanyo uleule wa mwenzetu wa semina. Lakini baba yake Bibi alisimama kanisani akasoma, na watu wakarudi nyumbani wakibishana, na Bibi alikulia katika ubishi huo. Sikio lililosikiliza miaka sabini kwa ratiba limeshaisoma Biblia mara nyingi kuliko mimi na mwenzetu tukijumlishwa.

Tarehe 31 Desemba zilikuwa zimebaki sura mbili tu za Ufunuo. Sura ya mwisho ina mto wa maji ya uzima, na wenye kiu wanaalikwa wayatwae bure. Nilitaka sana kusikia angesema nini juu ya neno hilo bure. Nilikuwa ndio kwanza nimefungua ukurasa, mvua ya kwanza ya maana ikashuka. Bibi akaniambia niweke kitabu chini, nipande nikasafishe mfereji wa bati kabla maji hayajamwagikia nje. Nilimaliza sura peke yangu usiku, kwa tochi, nguo zimelowa.