Uvimbe wa Taya, Jibu la Tumboni

Mtoto wa Buhongwa akivimba taya na meno yakaanza kulegea, macho ya wote huishia usoni. Lakini akifika Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, swali zito liko chini ya mbavu: je, na tumboni kuna uvimbe?

Ugonjwa unaohofiwa hapo ni limfoma ya Burkitt, saratani iliyozoeleka kwenye ukanda wa malaria. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliuandika mwaka 1958 kama uvimbe wa taya za watoto, ingawa baadhi yao walikuwa nao pia kwenye figo, ini na ovari. Baada ya kituo cha limfoma kufunguliwa Kampala mwaka 1967, John Ziegler na wenzake waliupanga kwa herufi: A ni uvimbe mmoja nje ya tumbo, B zaidi ya mmoja, C umeingia tumboni, D uko tumboni na umevuka hata uso. Wa A hupona kwa urahisi kuliko wa D. Lakini mkono peke yake hukosa uvimbe wa ndani, kwa hiyo aliyepapaswa tumbo akaitwa A anaweza kuwa C asiyejulikana.

Kosa hilo altrasaundi hulikamata. Mpimaji hupaka jeli, akapita ini, bandama, figo zote mbili, kongosho, hadi nyuma ya kibofu. Chembe za limfoma zimebanana na kufanana, hivyo mawimbi ya sauti hupenya bila kurudishwa sana. Uvimbe huonekana mweusi na nyuma yake hung'aa. Mpimaji mchanga anaweza kuuita mfuko wa maji, mpaka awashe Doppler na mishipa ya damu imsute.

Figo ndizo za kutazama mara mbili. Zikiwa zimetanuka kwa uvimbe, au mkojo umezibwa, dawa ya saratani, siklofosfamaidi, itaua chembe nyingi kwa mkupuo na asidi yuriki itazimiminikia figo zilizokwisha kulemewa. Dripu na alopurinoli, ya kupunguza asidi hiyo, hutangulia. Ubashiri huu wa altrasaundi basi si ramli. Unabadilisha mpangilio wa tiba.

Altrasaundi haioni uboho wala maji ya uti wa mgongo, gesi ya utumbo huiziba, na aina ya saratani hutajwa na kinyama kilichokatwa, si picha. Hata hivyo haina mionzi, na mtoto hahitaji kulazwa usingizi. Kwa ugonjwa unaoweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, naiweka mbele ya foleni ya CT.

Mzazi, taya likivimba ghafla usiishie kung'oa jino. Nawe daktari wa zahanati, mpe rufaa leo, na uandike kwenye fomu: apimwe tumbo.