Sikio la Fundi

Gari kuukuu la dizeli likianza kugonga na kukosa nguvu kwenye miinuko ya Butiama, dereva hulikokota hadi gereji ya Bunda au Musoma na kumkabidhi fundi.

Fundi hakimbilii spana. Anauliza: linagonga likiwa la baridi au likishapata moto? Moshi wake ni wa rangi gani? Mweusi humwambia dizeli haiungui yote, pengine filta ya hewa imeziba kwa vumbi. Wa bluu, oili inaungua. Kisha anagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, akihama silinda hadi silinda. Mlio mwepesi wa juu huenda ni valvu. Ule mzito wa chini, unaozidi mzigo ukiongezeka, humtia shaka ya bea, na gari halitoki.

Bado hajaridhika. Injini ikiwa inanguruma, analegeza nati za mabomba ya nozo, moja baada ya nyingine. Mngurumo usipobadilika, silinda hiyo ilikuwa haifanyi kazi. Kugonga kukikoma, anaifungua nozo hiyo kwanza.

Ekzosi humuunguza mikono. Mgongo hulala juu ya boksi lililochanwa. Akikosea, injini nzima hushushwa kwa kosa la nozo moja.

Abiria wa Bunda, samaki wa Musoma, mgonjwa anayewahishwa hospitali, wote husafiri kwa uamuzi wake. Nasi tumezoea kulipia kipuri tu. Saa alizotumia kusikiliza nazo ni kazi, tuzilipe.