Wasafiri Maskini katika Sinema ya Titanic

Vijana wengi wa Kanyaruchinya wameitazama sinema ya Titanic, aliyoitengeneza James Cameron mwaka 1997. Tuliitazama pamoja nao, kisha tukaulizana: je, inasema kweli juu ya maskini waliosafiri katika merikebu ile?

Tuisifu kwanza panapostahili. Vyumba vya daraja la tatu imevionyesha vema: vitanda vya kupandana, nafasi ndogo, watu wa mataifa mengi wasiojuana lugha. Tena tukumbuke kwamba hali yao ilikuwa afadhali kuliko ya wale waliotangulia. Katika merikebu za zamani maskini walilazwa wote pamoja chini, na mara nyingi walijiletea chakula chao. Katika Titanic waliandaliwa mkate, nyama na chai mezani. Lakini bafu zilikuwa mbili tu kwa watu wapatao 700.

Kosa la sinema ni hili: maskini wake kazi yao ni kucheza na kunywa bia, halafu kuzuiwa nyuma ya malango. Ubaya wote unabebeshwa mtumishi mwenye ufunguo. Kumbe ubaya ulianza tangu merikebu ilipochorwa. Mashua za kuokolea watu zilikuwa 20, zenye nafasi ya watu 1,178, na waliosafiri walikuwa kama 2,200. Nazo ziliwekwa juu, karibu na matajiri. Maskini walilala chini, sehemu za mbele na za nyuma. Hakuhitajiwa mtu katili ili wafe. Usiku ule wa kuamkia 15 Aprili 1912, watoto wa daraja la kwanza na la pili waliokoka karibu wote; wa daraja la tatu, wawili katika kila watatu walikufa. Na uchunguzi ulipofanywa Uingereza, hakuitwa hata msafiri mmoja wa daraja la tatu atoe ushahidi.

Tena sinema inampitia upesi mno Padri Thomas Byles. Yeye alikuwa wa daraja la pili, akienda New York kufungisha ndoa ya ndugu yake. Dominika asubuhi aliwasomea Misa wasafiri wa daraja la pili na la tatu. Usiku wa hatari alikwenda kwa maskini, akawaungamisha, akasali nao Rozari, akafa pamoja nao. Sinema inamwonyesha akisali tu; haituelezi kwamba aliyaacha ya daraja lake ili awe nao.

Kwetu mambo haya si ya mbali. Mwaka 2024, vita vilipofunga njia ya Minova, watu wengi walilazimika kupita ziwani. Tarehe 3 Oktoba boti moja iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, mbele ya macho ya ndugu waliokuwa wakiwangojea wasafiri pwani. Makumi ya watu walikufa.

Basi, vijana, itazameni tena sinema hii, lakini msiwalilie Jack na Rose peke yao. Na ninyi wenye boti mnaosali nasi, kabla ya kung'oa nanga wahesabuni watu, kisha yahesabuni makoti ya kuelea. Hesabu zisipolingana, msiondoke.