Uloto, Uboho na Seli Shina: Ni Kipi Kinachopandikizwa?

Mwishoni mwa mwaka 2021 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwatibu wagonjwa wa mieloma, ambayo ni mojawapo ya saratani za damu, kwa njia ambayo magazeti yetu yaliiita kupandikiza uloto. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapa watoto wenye selimundu tiba ya jamii hiyo hiyo. Pamoja na tiba yamekuja maneno yake, na maneno hayo sasa yametoka hospitalini yakafika mitaani. Makala haya yanakusudia kuyahakiki kama yanavyopokewa katika mtaa mmoja, yaani Mlandege, mjini Iringa, anakoishi mwandishi.

Mama mmoja jirani, ambaye mwanawe ana selimundu, alimletea mwandishi karatasi ya maelezo aliyokuwa amepewa, akasema: "Mwalimu, tumeisoma sote nyumbani, lakini kila mmoja ameielewa vyake." Karatasi ilisema kwamba mtoto huenda akapandikizwa uloto, na kwamba mtoaji awe ndugu wa damu. Ukoo ulikuwa umekwisha kaa na kuamua. Aliyechaguliwa ni kijana wa shangazi yake mtoto, kwa hoja kwamba kundi lake la damu ni sawa na la mgonjwa. Dada wa mgonjwa, wa baba na mama mmoja, aliwekwa kando kwa sababu mbili: kundi lake la damu ni jingine, na wazee walichelea kwamba binti ambaye hajaolewa akitolewa uloto atabaki na mifupa mitupu.

Hapana ujinga wowote katika uamuzi huo. Wazee walikisoma Kiswahili kilichoandikwa wakakifuata. Kosa lilikuwa katika Kiswahili chenyewe.

Tuanze na neno ndugu. Katika lugha yetu ndugu ni kaka na dada, ni mtoto wa shangazi na wa mjomba, ni mtu wa ukoo, na tumelitumia hata kwa kila mwananchi mwenzetu. Tukiongeza "wa damu", msikilizaji wa leo hufikiri mara moja juu ya kundi la damu. Walakini daktari hatafuti lolote kati ya hayo. Anatafuta mtu ambaye alama za kinga zilizo juu ya seli zake zinalingana na za mgonjwa. Alama hizo mtoto hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 katika 4 ya kulingana na mgonjwa kikamilifu, ilhali nafasi ya binamu ni ndogo sana. Tofauti ya kundi la damu haizuii tiba. Tena mgonjwa akipona, hatimaye huwa na kundi la damu la yule aliyemchangia. Kwa hiyo yafaa kuandika kwa ukamilifu: ndugu wa baba na mama mmoja. Hata "ndugu wa tumbo moja" haitoshi, maana tumbo humtaja mama peke yake.

Neno la pili ni uloto, ambalo wengine huliita uboho. Kamusi zinayahesabu maneno haya kuwa na maana moja, nasi hatuna ugomvi na kamusi. Shida iko katika picha ambayo neno humletea msikilizaji. Uboho anaoujua mtu wa Mlandege ni ule wa supu, yaani mafuta yanayogongwa kutoka katika mfupa wa ng'ombe. Ukishagongwa mfupa hubaki mtupu. Lakini ndani ya mifupa ya nyonga, ya kifua na ya uti wa mgongo mna uloto mwekundu, ambao ndio kiwanda cha damu, na wafanyakazi wa asili wa kiwanda hicho ni seli shina. Seli hizo ndizo zinazohamishwa. Huweza kuvutwa kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga, mchangiaji akiwa amelazwa usingizi, au kuchujwa kutoka damu ya mshipani baada ya sindano za dawa za siku chache. Mgonjwa huzipokea kwa mshipa, kama mtu anayeongezewa damu, nazo hutafuta njia zenyewe hadi mifupani. Uloto wa mchangiaji hujijaza tena katika muda wa majuma machache.

Kumbe basi hofu ya wazee ilitoka wapi? Ilitoka katika jirani ya maneno. Tangu Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza mwaka 2017, wananchi wamezoea kusikia kwamba mtoaji hubaki na figo moja. Akisikia "mtoaji wa uloto", mtu hufanya hesabu ile ile. Ndiyo sababu tunapendekeza mchangiaji badala ya mtoaji. Anayetoa hupungukiwa, anayechangia damu hurudi nyumbani akiwa mzima, na kila mtu analijua hilo.

Kuhusu kitenzi kupandikiza, wako wanaotaka kiachwe, wakidai kwamba kinaashiria kisu cha mpasuaji. Hatukubaliani nao. Mkulima wa nyanya wa Ilula hupandikiza miche kila msimu, naye anajua kwamba kwanza shamba husafishwa. Ndivyo ilivyo hapa: kabla ya kupewa seli mpya, mgonjwa hupewa dawa kali za kung'oa uloto wa zamani, na siku zile za kungojea miche ishike ndizo za hatari kubwa kwake, kwa kuwa hana kinga. Kitenzi kinaeleza vema. Kilichokosewa ni yambwa yake. Tuseme kupandikiza seli shina, si kupandikiza uloto.

Je, seli shina au seli mama? Yote mawili yanaandikwa. Seli mama linapendeza sikioni, lakini walimu wa biolojia wanalo tayari kwa seli yoyote inayogawanyika. Shina lina nasaba njema. Mwaka 1868 Mjerumani Ernst Haeckel alitumia neno Stammzelle kwa kiumbe cha seli moja alichokidhani kuwa chimbuko la viumbe vyote vyenye seli nyingi. Na Stamm ni shina la mti na pia ukoo. Nasi tunalo shina la mti, na la chama vilevile: nyumba kumi na balozi wake. Katika matumizi yote hayo shina ni mahali pa chini panapoinua vilivyo juu.

Yako maneno mengine mawili yanayohitaji uangalifu. Saratani ya damu si ugonjwa mmoja: mna lukemia, limfoma na mieloma, kila moja na aina zake. Aina moja ya lukemia sugu hutibiwa kwa vidonge vya imatinibi, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, na wagonjwa wake wengi hawahitaji kupandikizwa kitu. Nayo selimundu si saratani kamwe, japo yaweza kutibiwa kwa njia iyo hiyo. Mfasiri akiyachanganya haya humpa mzazi hukumu ambayo daktari hakuitoa.

Aidha, seli zitokapo kwa mtu mwingine huweza kuushambulia mwili uliozipokea. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni huja kuponya kweli, lakini pengine humgeukia mwenyeji. Tunapendekeza maradhi hayo yaitwe shambulio la mgeni, na kwamba mgonjwa aelezwe mapema, kwa jina, badala ya kufichwa nyuma ya herufi za kigeni. Mgonjwa wa mieloma anayerudishiwa seli zake mwenyewe hana hofu hiyo. Basi tutofautishe daima seli za mwenyewe na seli za mchangiaji.

Tunaliomba Baraza liyapime mapendekezo haya, na wanaoandika karatasi za hospitali wamsomee kwanza mtu asiye daktari kabla ya kupiga chapa. Kule Mlandege karatasi ilisomwa upya, polepole, mbele ya wazee wote. Nauli iliyokuwa imetengwa kumpeleka kijana wa shangazi Dodoma ilirudishwa mkobani, na jina lililoandikwa kwa ajili ya kupimwa likawa la dada.