Nani "Amefuzu" Kuchomwa Sindano? Uhakiki wa Istilahi za Uzito na Kolesteroli

Tafsiri ikikosewa katika riwaya, msomaji hupoteza ladha. Ikikosewa katika karatasi ya daktari, aweza kupoteza afya yake. Kwa hiyo hatuna budi kuzichunguza istilahi zinazofuatana na sindano mpya za kupunguza uzito, yaani semaglutidi na dawa nyingine za jamii yake.

Tuseme yupo mwalimu mmoja wa kata ya Mbuba, wilayani Ngara. Ni mtu wa makamo (neno hili zuri lisiachwe kwa ajili ya "umri wa kati", ambao ni Kiingereza kilichovikwa kanzu). Ana umri wa miaka 48, kimo cha mita 1.60 na uzito wa kilo 72, na damu yake imeonekana kuwa na kolesteroli iliyozidi. Nyumbani husema Kishubi, darasani Kiswahili. Karatasi ya dawa imeandikwa kwa Kiingereza. Anataka kujua kama sindano hizo zinamhusu. Jibu atakalopata litategemea maneno ya mfasiri.

Tuanze na kile kipimo ambacho wengi hukiita "uwiano wa uzito na urefu". Karani akilifuata jina hilo neno kwa neno, atagawanya 72 kwa 1.60 na kupata 45, tarakimu ya mtu mwenye unene wa hatari kubwa. Kumbe hesabu sahihi ni kugawanya kilo kwa kimo kilichozidishwa kwa chenyewe, nayo huleta 28.1. Istilahi imemwongezea mgonjwa ugonjwa asio nao. Wanauchumi wetu wanalo neno "fahirisi", na "fahirisi ya uzito" ingefaa, mradi kanuni yake iandikwe kando yake.

Istilahi ya pili ni "kiribatumbo". Hatukatai kwamba ina mizizi ya Kiswahili: kiriba ni mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji. Lakini inataja umbo la tumbo, hali fahirisi hupima uzito wa mwili mzima. Na zaidi ya hayo inamdhihaki mgonjwa. Nani atakayekubali kuandikiwa "kiriba" kwenye cheti chake? Tungependelea "uzito uliozidi" kuanzia fahirisi 25, na "unene uliokithiri" kuanzia 30.

Ya tatu ni "lehemu", ambayo imekwisha kuingia katika maandishi kwa maana ya kolesteroli. Fundi redio anaijua lehemu: ni ile risasi anayoyeyusha ili kuunga nyaya. Msomaji atadhani kwamba mishipa yake imezibwa kwa kitu kigeni kisichostahili kuwamo, ilhali ini lenyewe hutengeneza kolesteroli, na mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Ubaya uko katika kuzidi kwake. Wapo watakaosema kwamba neno la kwetu ni bora kuliko la kukopa. Mara nyingine ni kweli. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ilipoanza kuwawekea watu puto tumboni ili wapunguze uzito, neno "puto" lilitosha, kwa sababu kitu chenyewe ni puto. Kolesteroli si lehemu. Heri neno la kukopa linaloeleweka baada ya maelezo kuliko neno la nyumbani linalopotosha kabla ya maelezo.

Tunafika sasa kwenye neno lenye uzito kuliko yote. Tafsiri zinazosambaa husema mtu "amefuzu" au "anastahili" kupata sindano. Kufuzu ni kwa mtihani, na aliyefuzu hupongezwa. Kustahili ni kwa haki au adhabu. Maneno yote mawili yanaficha swali la msingi: kwa masharti ya nani? Idhini iliyotolewa Marekani mwaka 2021 kwa semaglutidi ya Wegovy ilihusu watu wazima wenye fahirisi ya 30 au zaidi, au ya 27 na zaidi wakiwa na angalau tatizo moja linaloambatana na uzito, kama vile shinikizo la damu, kisukari au kolesteroli iliyozidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2025 unazungumzia watu wazima wenye fahirisi ya 30 na kuendelea, isipokuwa wajawazito, nao ni pendekezo lenye masharti. Basi mwalimu wetu mwenye 28.1 yumo katika waraka mmoja, hayumo katika mwingine. "Ametimiza masharti ya kufikiriwa dawa hii" ni maneno mengi, lakini ni ya kweli: yanamrudisha kwa mganga, wala hayampeleki dukani.

Mwisho, tunawasihi wafasiri waache kabisa "sindano ya kukonda". Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika mkoa huo wapo wazee wanaokumbuka kukonda kulimaanisha nini. Mwanamke akionekana amekonda, majirani hawatauliza habari za kolesteroli. "Kupunguza uzito" hakubebi kumbukumbu hiyo.

Huenda ikasemwa kwamba haya ni mambo ya watu wa mijini na matajiri. Dawa huenda ikachelewa kufika Mbuba, lakini neno hufika kwa simu siku hiyo hiyo. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba neno hilo, likitangulia, halimdanganyi yule litakalemfikia.