Mgongo wa Sime

Sime njema huanza kama springi ya lori. Mafundi wa jua kali wa Thika na Ruiru hawazikosi, kwa kuwa barabara kuu inawapitia na malori ya mchanga na mawe huchakaa kila siku. Chuma cha springi kina kaboni ya kama asilimia 0.6, kiasi cha kushika makali bila kukatika ovyo.

Kipande hukaa kwenye mkaa mpaka kiwe rangi ya chungwa, kisha huwekwa juu ya fuawe, mara nyingi kipande cha reli. Hapo ndipo napenda kusimama nikatazama. Mhunzi hapigi katikati. Anapiga kingo, upande huu kisha ule, akigeuza kwa koleo kila baada ya mapigo machache, na chuma kinatambaa kwenda nje. Katikati panabaki mwinuko mwembamba tangu mpini hadi ncha. Huo ndio mgongo, nao huliwezesha bapa kuwa jepesi bila kupinda. Karibu na mpini sime ni nyembamba. Hupanuka taratibu, halafu huchongoka ghafla, uzito ukawa mbele na mkono ukaufuata.

Umbo hili ni kongwe kuliko lori lolote. Jomo Kenyatta, mwenyeji wa Gatundu jirani ya Thika, alieleza katika Facing Mount Kenya (1938) jinsi wahunzi wa Agĩkũyũ walivyopata chuma kutoka mchanga wa mitoni. Chuma cha tanuri za namna hiyo kwa kawaida kilikuwa laini, na bila mgongo bapa refu lingepinda. Springi ingeweza kuvumilia bila mgongo, na wenye haraka huuacha. Ninayemheshimu hauachi.

Kisha bapa hurudi motoni. Sumaku ikikataa kulishika, joto limefika nyuzi 770 hivi. Likipita hapo kidogo, huzamishwa kwenye oili chakavu. Sasa ni gumu mno, laweza kuvunjika, kwa hiyo husuguliwa na kupashwa tena polepole. Rangi hutembea juu yake: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau. Zambarau ikifika mgongoni, mhunzi huliondoa papo hapo, maana ikigeuka samawati makali yamelegea.

Mwisho hubana ncha kwenye jiliwa na kulikunja bapa kwa nguvu. Akiachilia likanyooka lenyewe, ndipo anatafuta ngozi ya ala.